Mtunzi Atajwe Kwanza

Siku ya kwanza klabuni Madungu nilipewa kiti cha nyuma, karibu na mpiga dumbaki, na karatasi ya wimbo uliotungwa na mwanamme. Ndivyo taarabu yetu ilivyokuwa: sauti zetu wanawake, maneno yao. Mwalimu wa muziki, mtu wa fidla, aliniambia, "Wewe imba, Zuwena. Usifikiri." Nikaimba miaka, huku nafikiri.

Nyumbani nikaanza kutunga. Mizani, yaani silabi za kila kipande, niliihesabu kwa vidole, kisha nikarudia, maana ikizidi moja wapigaji wanakuacha njiani. Mwenyekiti wa klabu aliusoma wimbo wangu, akaupenda, akauchukua.

Desturi ni kumtaja mtunzi kabla ya wimbo. Harusini Konde, Mwenyekiti akashika kipaza sauti: "Mtunzi, klabu yetu."

Wapigaji wakapiga kianzio, ule muziki wa kumkaribisha mwimbaji. Sikufungua mdomo. Wakakirudia. Mwenyekiti akaniinamia.

"Bi Zuwena, watu wanangoja."

"Na mie nangoja. Jina langu."

"Mwanamke akitajwa mtunzi, watauliza mapenzi hayo kayajulia wapi."

"Nina watoto wanne, Mwenyekiti. Hawana haja ya kuuliza."

"Basi nitasema, mwanamke wa Madungu."

"Tuko wengi."

"Herufi ya mwanzo?"

"Hiyo kampe anayeogopa."

Mama wa bibi harusi akauliza kwa sauti, "Huyo kapotewa na wimbo au kapandwa na jini?"

Nilijua nikilegea pale, nitaimba ya wenzangu mpaka meno yang'oke. Mwenyekiti akalitaja jina langu kama anayemeza shubiri. Wanawake wakainuka kunitunza pesa kabla sijamaliza ubeti wa kwanza.

Msimu mzima klabu haikuniita. Waliporudi, walikuja na shida: wasichana wameleta tungo zao, nani atazipima? Nikawa mwalimu wa tungo hadi kifua kilipokataa pumzi ndefu, nikastaafu.

Juzi, harusini Msuka, wimbo ule ulipigwa kutoka kwenye simu. Ukumbi mzima waujua. Nikamuuliza binti aliyeshika simu, wa nani huu?

"Wa zamani tu, bibi. Hauna mwenyewe."

Nikamwambia unaye, nikamtajia jina langu na la baba yangu.

"Mtunzi huyo bado yu hai?"

"Mpaka sasa hivi, mwanangu. Andika."