Waliosimama Dansini

Vijana wanaoimba siku hizi nawasikia redioni. Wimbo wa mapenzi unaanza kwa kumshukuru Mungu, halafu viuno vinafuata. Watu wazima wenzangu wanachukia. Mimi nacheka, kisha nakasirika, kisha nazima redio na kwenda uani kutafuta kitu cha kufua hata kama hakuna kichafu. Jambo hili halijanipa utulivu tangu ujana wangu, enzi za Mwingereza, nilipokuwa naimba dansi Jumapili na kusoma maulidi siku nyingine kwa koo hili hili moja.

Nililelewa Mtoni na shangazi yangu, dada wa baba, mama yangu alipofariki. Shangazi alikuwa msomaji wa maulidi ya wanawake, naye ndiye aliyenifundisha. Mafunzo yake yalikuwa ya mkono. Tulikaa mkekani tumeelekeana, akanishika kiganja; akibonyeza, nipandishe sauti; akilegeza, niishushe. Nikikosea alinifinya. Nilisoma nikiwa na alama za kucha, wala sisemi kwa kujihurumia, maana sauti niliyoipata wengi waliitamani.

Mwaka huo sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza na miguu yake imezidi kuvimba. Alitangaza mbele ya wanawake wa mtaa kwamba Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, utakapofika, kiamu nitasoma mimi. Kiamu ndiyo kilele cha maulidi. Kisa kinapofika kuzaliwa kwa Mtume, msomaji hupandisha sauti, watu wote wakanyanyuka, udi ukafukizwa, marashi yakarushwa, na salamu zikaimbwa kwa kusimama. Nilikitaka kile kisomo kuliko nilivyotaka mume. Kila nilipofikiria siku hiyo nilishindwa kula.

Sasa, katika nyumba yetu alipanga karani mmoja kutoka bara, Mkristo mcha Mungu, mwenye kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana kifuani. Asubuhi ya Jumapili aliipeleka kanisani, alasiri akaipeleka Temeke, kwenye ukumbi wa dansi, ambako alikuwa na bendi yake. Alinisikia nikisoma nyuma ya ukuta, akamwendea shangazi, kofia mkononi, na shikamoo ndefu ya kibara, akaniombea ruhusa ya kuimba. Nilidhani atafukuzwa chumbani. Shangazi alimtazama sana, labda kwa sababu hakuna mpangaji aliyewahi kumwomba kitu kwa adabu vile.

"Njia mbili zilimshinda fisi," aliniambia baadaye.

"Fisi hakuwa na sauti, shangazi."

"Na wewe huna haya. Nenda. Kaimbe mambo yenu ya mapenzi, na adhana ya magharibi ikukute ndani. Lakini ya mkekani yabaki mkekani. Siku yatakapofika kule, mie sikujui."

Nilikubali bila kuvuta pumzi. Kwa miezi kadhaa niliishi kama mtu aliyevaa viatu vya watu wawili tofauti. Nikiwa mkekani miguu yangu ilipiga rumba chini ya kanga. Nikiwa dansini, katikati ya moshi wa sigara na vijana waliopaka mafuta nywele, niliona nachelewa mahali. Sikuwa na amani huku wala kule, na huku na kule nilipapenda.

Wiki chache kabla ya Mfungo Sita, karani alinitungia wimbo mpya. Alisema lahani yake ameitoa kanisani kwao, ameivisha suruali na tai tu. Maneno yalikuwa ya kijana anayemngoja mchumba stesheni. Ulikuwa wimbo mwepesi. Tuliufanyia mazoezi uani, shangazi akichambua mchele palepale.

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Tulipofika katikati ya wimbo, ngozi ya dramu ikapasuka. Mpiga dramu akainua mikono kama mtu aliyeibiwa. Mwenye saksafoni naye akanyamaza, akidhani tumekatisha. Karani hakutaka dansi lifie mikononi mwake, akanipa ishara niendelee, akabaki kunifuata kwa kodiani peke yake, taratibu sana.

Nani aliwahi kunifundisha kuimba taratibu bila ngoma? Mtu mmoja tu. Nilifumba macho, nikausikia mkono wake kwenye kiganja changu: bonyeza, bonyeza, legeza, bonyeza. Maneno yalikuwa yaleyale ya kijana na stesheni. Lahani ilikuwa ya kanisani. Lakini koo lilipanda njia liliyoizoea, na mimi sikujua mpaka nilipofumbua macho.

Watu walikuwa wameacha kucheza. Kijana mmoja wa pwani, aliyekuwa amemshika msichana kiunoni, alikuwa amemwachia na kukunja mikono tumboni, kichwa ameinamisha. Wenzake wakafuata. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walinyanyuka wakitafuta kanga za kujitanda juu ya magauni yao. Hakuna aliyewaambia. Miguu yao ilifundishwa tangu utotoni kwamba sauti ikipanda vile, watu husimama. Kutoka nyuma nikasikia mtu mmoja, kisha wawili, wakiitikia zile salamu za kiamu chinichini.

Na watu wa bara nao walisimama! Karani, wenzake wa ofisini, wake zao. Wao waliisikia lahani ya kwao, na kwao wimbo ule huimbwa kwa kusimama. Ukumbi mzima wima, kila mtu akidhani mwenzake amesimamia alichosimamia yeye. Niliogopa kunyamaza na niliogopa kuendelea. Nikaendelea.

Nilipomaliza, watu wakazinduka. Kijana yule wa pwani alinijia macho mekundu.

"Dada, hili umelileta huku? Pombe hizi mbele yetu?"

Karani alinishika bega kwa furaha.

"Umeona?" alisema. "Wimbo wa kwetu umewasimamisha Waislamu!"

Mpaka leo sijui kama kweli alikosea.

Nilitembea haraka kurudi Mtoni, lakini habari ilinitangulia. Shangazi alikuwa mkekani, jirani mmoja anatoka mlangoni bila kuniangalia.

"Walisimama?" aliuliza.

"Walisimama."

"Ulikusudia?"

"Wallahi, sikukusudia, shangazi. Ilitoka yenyewe."

Adhana ikaanza, akaiitikia mpaka mwisho. "Bora ungekusudia," alisema. "Ungeweza kuacha."

Nililia, kisha nikamwuliza kwa hasira kama kisomo ananinyang'anya. Nilitaka anipige ili yaishe. Alisema neno lake halirudi nyuma, alishalitoa mbele za watu, kiamu nitasoma. "Lakini kuwasimamisha watu," alisema, "hilo mie siwezi kukufanyia."

Siku ya maulidi wanawake walijaa uani mpaka mlango wa nyuma. Nilioga, nikajifukiza, nikakaa mahali pake, naye akakaa pembeni yangu ameegemea nguzo, miguu ameinyoosha. Kwa miaka miwili iliyotangulia alikuwa akisoma kiamu amekaa vivyo hivyo wenzake wakisimama, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu miguu ile ilikuwa haimbebi hata kwenda chooni bila mtu wa kumshika.

Nilisoma vizuri. Nasema kwa sababu ni kweli. Kisa kikasogea, nikahisi kifua kinajaa, nikafika pale, nikapandisha sauti.

Hakuna aliyenyanyuka.

Mwanamke aliyeshika chetezo cha udi alinitazama, kisha akawatazama wenzake. Wengine waliangalia magoti yao. Nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Ndiyo yenyewe, au ile ya Temeke?" Hawakuwa wananikomoa wote, wengine walishikwa na shaka kweli. Wasimamie nini? Walevi wamekwisha kusimamia sauti hii hii. Nikarudia kupandisha. Mabega yote yalibaki chini. Dansini walisimama nisipowataka, na hapa nilipowataka kwa roho yangu yote, walikaa. Sauti ilianza kunitoka nyembamba, nikajua mstari unaofuata utakatika, na ukikatika sitasoma tena Mtoni maisha yangu yote.

Ndipo nikaona mkono wa shangazi unashika nguzo. Aliivuta kama mtu anayejitoa kwenye tope. Goti moja likakataa, akalisukuma kwa kiganja. Mwanamke mmoja alitaka kumsaidia, akamwondoa kwa kiwiko. Akanyooka, jasho linamtiririka usoni, akakunja mikono tumboni, akaitikia kwa ile sauti yake iliyokwaruza, peke yake, uani kote.

Chetezo kikainuka. Kisha wanawake wote.

Jioni tuliosha vikombe vya kahawa na sahani za halua. Shangazi alikuwa amelazwa barazani, miguu imevimba juu ya mto.

"Njoo," aliniita. Nikachuchumaa. Akanishika kiganja, hakukibonyeza wala hakukilegeza.

"Usinisimamishe tena peke yangu."

"Naam, shangazi."

Nilisema naam na niliimaanisha. Jumapili iliyofuata, jua lilipoanza kupinda, nilikuwa uani naanika nguo zilizokwisha kukauka. Chumbani kwa karani kodiani ikaanza kujaribiwa. Nikaingia ndani, nikavaa gauni, nikavaa viatu. Shangazi alikuwa palepale barazani anajikanda miguu kwa mafuta ya nazi, na nilipompita hakuinua uso.