Fundi Bomba Aliyeitwa Mama Mkubwa

Karakanani walimwita Koki, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa jina alilopewa vitani hakutaka kulisikia tena. Alikuwa mwanamke pekee katika kundi la kwanza la vijana waliotoka msituni wakafundishwa ufundi bomba mapigano yalipokwisha. Siku za mwanzo alikamata spana kama silaha, mpaka mwalimu akamwambia alegeze mkono, bomba halina ugomvi naye. Darasa zima likacheka. Yeye alicheka mwisho, tena kidogo.

Wenzake wengi walichukuliwa vitani kwa nguvu. Koki alikwenda kwa miguu yake. Baba wa mtoto wake alikuwa ameuawa, na hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi moja alimkabidhi mdogo wake wa kike yule mtoto mchanga, akaaga kwamba anakwenda kuteka maji. Ndoo aliiacha kisimani.

Aliporudi, mtoto alishajua kusoma. Mdogo wake, aliyeacha shule ili alee, alimpokea vizuri, akampashia maji ya kuoga, kisha akamwita mtoto aje kusalimia.

"Shikamoo, mama mkubwa," mtoto alisema.

Hakuna aliyemsahihisha. Koki aliitikia marahaba, na neno likakaa hivyo.

Alijipa moyo kwamba akipata kazi na chumba chake mambo yatanyooka. Baada ya mafunzo, mpango wa kuwaajiri waliotoka vitani ulimpeleka kwa mkandarasi aliyekuwa akikarabati hospitali iliyobomolewa. Alilala chali chini ya masinki, akatoa mabomba yaliyooza, akafunga mapya. Muuguzi mmoja, aliyesikia alikotoka, hakukubali kubaki naye chumba kimoja. Koki hakumlaumu. Alizoea kugonga bomba kwa spana kabla ya kuingia, ili watu wajue kwamba anakuja.

Hatimaye alipanga chumba, akaweka vitanda viwili, akaenda kwa mdogo wake.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema.

Mdogo wake alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. "Ni wako, dada. Sijawahi kusema si wako. Lakini mwambie mwenyewe, mimi sitaweza."

Hakumwambia mtoto. Alichosema tu ni kwamba shule zimefungwa, twende ukanitembelee. Mtoto akaja. Alisalimia majirani, alimaliza chakula chote, aliosha sahani yake. Kila asubuhi alitandika kitanda kikawa kama hakijalaliwa na mtu. Koki alijisifia moyoni kwamba wanazoeana, hadi alipotoka kazini mchana mmoja akamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni, begi mapajani.

"Mama mkubwa, nimekaa vizuri?"

"Umekaa vizuri sana. Kwa nini?"

"Mama alisema nikikaa vizuri hutaondoka tena. Basi sasa naweza kurudi nyumbani?"

Koki alilibeba begi mwenyewe. Njiani ukweli ulimfika ulimini mara nyingi, akaumeza. Kwenye kuvuka barabara mtoto alimshika mkono. Walipofika ng'ambo akauachia, akatangulia mbio. Mdogo wake alifungua mlango macho yamevimba. Koki akamwambia kwamba mtoto amekaa vizuri mno, wala hakuingia ndani. Hawakulizungumza tena.

Kuna siku humlaumu mdogo wake, kisha hujirudi: angemlaumu kwa lipi? Kwa kumpenda mtoto aliyeachiwa?

Siku hizi Koki ndiye anayefundisha wasichana wanaotoka msituni. Mmoja wao, mgeni kabisa, alimwuliza kama ana mtoto. Alijibu kwamba yupo binti wa mdogo wake, amekua, ni hodari wa hesabu. Kisha akachukua kipande cha bomba, akamwonyesha jinsi ya kuzungusha tepu kwenye nyuzi zake, ile mikato ya mwishoni, ili maji yasivuje.