Jembe Kwenye Safu ya Sayansi

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na bibi yako asinisikie. Ni siku niliyotoka misheni hapa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati ule, nikiwa na fomu ya shule ya waganga wasaidizi mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kichwa kilijaa Kifaransa na ujinga kwa kiasi kilekile.

Nakueleza habari hii kwa sababu jana ulinichosha. Ulikaa hapa na simu yako, ukijaza maombi ya shule ya udaktari, ukaniuliza kama somo la takwimu liwekwe kwenye sayansi au kwenye hisabati, na kabla sijafungua mdomo ukajijibu mwenyewe: "Basi naweka pale panaponipa wastani mkubwa." Kaka yako alisema hivyohivyo. Mjomba wako naye alisema hivyohivyo, tena kwa sauti ya kujiamini kuliko yako. Mimi nakaribia miaka tisini, nataka kupumzika, lakini hamniachi. Haya, weka simu chini.

Zamani zile za Wabelgiji, kijana mweusi hapa mjini hakuota kuwa daktari. Mahali pa juu tulipoweza kufika ni mganga msaidizi: mtu aliyesoma miaka mingi, anapima, anatibu, anashona vidonda, kisha anasema "ndiyo" kwa daktari mzungu. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Baba yangu alitoka kaskazini, upande wa Kongolo, akaletwa huku na kazi ya reli. Alikuwa akipaka mafuta vichwa vya treni karakanani, na kusoma kwake hakukuvuka kitabu cha misa. Nilipomaliza sekondari ya misheni, matumaini yake yote aliyaweka kwenye fomu ile.

Ilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma. Mbele palikuwa na safu mbili: masomo ya sayansi, na masomo mengine. Unaandika kila somo ulilofanya pamoja na alama zake, kisha unatoa wastani wa sayansi peke yake, na huo ndio waliouangalia kwanza. Nyuma palikuwa na maelezo kwa herufi ndogo, Kifaransa cha ofisi. Unadhani niliyasoma? Nilikuwa wa pili darasani kwa Kifaransa, mwanangu. Maelezo ya nini?

Jirani yetu katika kambi ya wafanyakazi wa reli alikuwa Papa Kabange, "papa" kwa maana ya baba, muuguzi wa zahanati ya kambi. Kazi alijifunza kwa macho na mikono, kwa kusimama nyuma ya masista miaka mingi. Aliposikia habari ya fomu akaniita.

"Ngoy, mutoto wangu, leta ile karatasi. Leta na makaye yako yote ya masomo. Tusome pamoja, pole pole."

Makaye ni madaftari, tulivyozoea kusema. Nikamjibu, na hadi leo naona aibu kulitamka: "Papa, ile Kifaransa iko nguvu. Utachoka bure."

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kukunja bandeji zake. "Sawa," alisema. "Weye njo unajua." Yaani, wewe ndiye unayejua.

Nikaenda kujaza peke yangu. Fizikia yangu ilikuwa ya kawaida. Kemia nilianguka mwaka mmoja, nikairudia, nikapita. Basi nikaanza ujanja. Ile kemia ya kuanguka nikaiacha nje, nikaandika ya kurudia tu. Halafu nikaona kilimo. Kila Alhamisi mchana tulipelekwa kulima kabichi za misheni, na mimi nilikuwa na mabega, kwa hiyo alama zangu za kilimo zilipendeza. Nikajiambia: kabichi ni mmea, na mimea ni sayansi. Nikaandika kilimo kwenye safu ya sayansi, tena kwa mwandiko mzuri.

Mwisho nikafika kwenye somo lililoitwa "Usafi". Jina hilo lilinichekesha. Niliona ndoo, sabuni na kucha zilizokatwa. Nani atamheshimu mtu anayeweka usafi pamoja na fizikia? Nikalitupa kwenye masomo mengine, ingawa nilikuwa wa kwanza katika somo hilo.

Wastani ukatoka wa kupendeza. Baba akatangazia karakana nzima. Akaazima sanduku la mbao kwa rafiki yake, mama akanishonea mashati mawili, na dada zangu wakaanza kunisalimu "munganga" kwa kucheka.

Baada ya wiki kadhaa mkuu wa shule, padri Mbelgiji mpole, akatuita mimi na baba. Baba akavaa koti la Jumapili. Padri akasoma barua ya shule ya waganga kwa Kifaransa, taratibu, bila kunitazama. Alipomaliza akaikunja. Baba akanigeukia, bado ana tabasamu.

"Banasema nini?"

Nilisimama pale na Kifaransa changu cha wa pili darasani, na ikawa kazi yangu kumtafsiria baba aibu yangu mwenyewe.

"Wanasema ile karatasi niliyojaza hailingani na alama za shule. Wanasema somo moja nimelificha na lingine nimelipanga vibaya. Hawanipokei, Papa. Labda mwaka ujao, kama mkuu wa shule atanisimamia."

Baba hakunigombeza. Aliaga, akatoka, akatembea mbele yangu njia yote hadi kambini, na si kawaida yake. Sisi tulizoea kutembea bega kwa bega. Tulipofika akachukua lile sanduku, akalibeba begani mchana kweupe, akapita katikati ya kambi kulirudisha kwa mwenyewe. Watu wakamwuliza, naye akawajibu mmoja mmoja. Hakuficha. Mimi nilikuwa ndani, nasikia sauti yake ikienda mbali, nikatamani anipige.

Nikakimbilia kwa Papa Kabange nikitafuta mtu wa kunihurumia. Hakunihurumia. Alisema neno moja tu: "Leta."

Nikaleta nakala ya fomu na madaftari. Akageuza fomu, akaanza kusoma ule upande wa nyuma kwa kidole, neno kwa neno, matamshi mazito lakini maana yote anaishika. Yaliyoandikwa pale yalikuwa wazi kabisa. Somo linapangwa kufuatana na yale yaliyofundishwa kwa sehemu kubwa, si kufuatana na jina lake. Somo lililorudiwa huandikwa mara zote mbili. Mwenye shaka amuulize mkuu wa shule yake.

Akafungua daftari la kilimo. Kurasa tatu zimeandikwa, zingine nyeupe.

"Siansi iko wapi hapa? Mie naona jembe tu."

Akafungua daftari la Usafi. Mwanangu, nilitazama mwandiko wangu kama naona wa mtu mwingine. Sabuni ilichukua ukurasa mmoja. Zilizobaki zilikuwa moyo na mishipa yake, mapafu, njia ya chakula, mdudu wa malaria jinsi tulivyomwona kwenye hadubini ya misheni, mbu na mayai yake. Michoro yote ya mkono wangu.

Papa Kabange akachukua penseli. Akaondoa kilimo, akaingiza Usafi, akaandika kemia zote mbili, na ile ya kuanguka. Akanisukumia karatasi nipige hesabu. Wastani ulipungua kidogo kuliko ule wangu wa uongo, lakini ulivuka kiwango walichotaka.

"Ungepita," alisema. Kisha akainua sauti, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mgonjwa mlevi. "Ungepita! Ile shule mie niliomba, balinikatala, sina sekondari. Weye mulango uko wazi, unaenda kuvunja dirisha! Na kesho muntu atalala hapa, ana homa. Utamuandika mu ugonjwa gani? Ule wenye unakupendeza weye?"

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni pa zahanati.

Mwaka ule mzima nilifanya kazi zahanati chini yake. Niliosha chupa, nikaandika majina ya wagonjwa, na kila nilipotaka kuandika "homa" tu ili nimalize haraka, alinirudisha kumuuliza mgonjwa tena. Ulipofika wakati, nilimwomba mwenyewe tusome fomu pamoja, mbele na nyuma. Mkuu wa shule akatia sahihi. Wakanipokea.

Nilipompelekea baba habari hakunipongeza kwanza. Aliniuliza, "Safari hii uliandika yote?"

"Yote, Papa."

"Na ile ya kuanguka?"

"Na ile."

Hapo ndipo alipocheka.

Basi nisikilize, maana sitarudia, na mdogo wako akija kuniuliza nitamtuma kwako. Takwimu yako usiitazame kwa jina. Chukua daftari, uone mlifundishwa nini kwa sehemu kubwa, kisha usome maelezo ya shule unayoomba, kwa sababu kila shule ina mpango wake na haikuulizi wewe unapenda nini. Ukibaki na shaka, waandikie uwaulize. Kuuliza hakujamfukuzisha mtu. Somo uliloanguka liandike. Somo lenye jina dogo usilidharau, huenda ndilo linalokubeba. Na mtu mwenye elimu ndogo kuliko yako akisema "leta tusome pamoja", mletee kiti kwanza, halafu mletee karatasi. Unaomba kazi ya kupanga magonjwa ya watu mahali pake. Anza na alama zako.

Sasa nenda, umenichosha vya kutosha. Mungu akupe macho ya kusoma mpaka mstari wa chini, akupe mkono usiotetemeka kuandika ukweli wako, na siku wagonjwa watakapokuita munganga, uitike bila kuinamisha kichwa.