Uyoga wa Kichuguu kwa Magoti ya Mama

Nilitoka Butembo kwa sababu ya magoti ya mama. Yalikuwa yamevimba hata hawezi kufika chooni bila kushikwa, na zahanati ninayofanyia kazi ya uuguzi ilikuwa imeishiwa vidonge vya uvimbe. Katika vita hivi vya pili vya nchi yetu tulikuwa tumewakimbia wenye bunduki porini mara mbili. Mara ya pili tulimsukuma mama juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, akalia kwa maumivu hadi majirani wakatuomba tukae mbali nao. Tuliporudi aliniambia, "Masika mwanangu, siku ingine bakikuja, mukimbie. Miye muniache."

Mdogo wake, mama mdogo Kavugho, alikuwa na shamba ukingoni mwa msitu, karibu na Oicha. Alituma habari kwamba uyoga wa kichuguu unashusha uvimbe. Daktari wetu hakucheka. Alisema ndani yake kuna kitu kinachotuliza uvimbe, ila hakujua mgonjwa apewe kiasi gani. Nikaona heri hilo kuliko kumwacha mama kitandani.

Alfajiri nilipanda lori la viazi. Nilijifunika khanga kwa baridi ya Butembo. Kila kona niliiona ina watu waliojificha. Kwenye kizuizi cha kwanza cha askari abiria wote walitoa vitambulisho kabla ya kuulizwa.

Saa saba tukafika Beni. Joto lilikuwa kali na watu walizungumza kwa sauti ya chini. Nililala kwa rafiki wa familia, kesho yake mwendesha baiskeli akanifikisha Oicha, kisha nikafuata njia ya mashamba kwa miguu.

Mama mdogo alinikumbatia, akanipeleka moja kwa moja kwenye kichuguu. Mvua ilikuwa imenyesha na uyoga mweupe ulikuwa umejaa pembeni mwake. Niliinua jembe.

"Hapana chimba," alisema. "Muchwa iko mulimaji kama sisi. Inaleta majani, inaitafuna, inapanda buyoga kule chini. Sisi tunakamata tu yenye kutoka inje. Ukibomoa shamba yake, mwaka ingine utakosa."

Tukachuma kwa mikono, kitunga kikajaa. Nilimuuliza mbona jiko lake ni baridi na jua limeshapanda.

"Tunapikaka asubui, ukungu ikiwa ingali chini. Ukungu inaficha moshi. Lakini ikipanda, hakuna moto tena. Bale batu ba pori, ba bunduki, banafwataka moshi."

Nilisikia vizuri. Lakini asubuhi iliyofuata, mama mdogo alipokwenda kumwita mume wake upande wa pili wa shamba, niliutazama ule uyoga uliolowa nikajua utaoza kabla ya Butembo. Kwetu uyoga hukaushwa juu ya jiko, saa yoyote. Nikajiambia kwamba aliyoyasema yanahusu chungu cha chakula, na kwamba makaa machache hayana neno. Nikawasha. Kuni zilikuwa mbichi.

Saa nne hivi ukungu ulikuwa umekwisha, na moshi wangu ulikuwa umesimama juu ya migomba. Mama mdogo alirudi mbio peke yake. Hakunigombeza. Alimwaga maji motoni, akanisukumia kitunga.

"Fwata mutoni mpaka ku barabara. Usigeuke."

"Na wewe?"

"Bwana yangu angali kule shambani, hajajua. Naenda kumuita. Enda, mama yako atembee."

Mlio wa kwanza wa risasi ulinikuta mtoni. Sikugeuka. Nilitaka, lakini miguu ilikataa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kurudi, kwenye kizuizi cha Beni, askari mmoja alitia mkono kitungani.

"Iko nini?"

"Buyoga, mukubwa. Dawa ya mama."

"Kula."

Nikatafuna mbele yake, nikameza. Akaniacha nipite.

Butembo niliukausha uyoga uliobaki bila kuoza, nikampa mama mchuzi wake asubuhi na jioni. Uvimbe sikuupima kwa chombo chochote zaidi ya uzi niliofunga kwenye goti. Wiki ya pili uzi ulilegea. Huenda ni uyoga, huenda ni kupumzika, mimi muuguzi tu. Nilichojifunza kwa hakika ni kwamba unapokuwa kwa watu, kila desturi yao ndogo unaishika, hata ile unayodhani haikuhusu.

Jumapili iliyopita mama alitembea mwenyewe hadi mlangoni. Nilimwambia kwamba shamba la mdogo wake lilivamiwa, lakini kutoka Oicha hatujapata neno lolote.

"Sasa miguu iko," alisema. "Barabara ikifunguka, tutaenda kumutafuta Kavugho. Nataka nimushukuru. Na nijue nani aliita bale batu kwake."

Nilimletea kiti akae. Sijamwambia kuhusu moshi wangu.