Mapanki ya Ofisa

Paskazia alikuwa na kisu kimoja tu, chembamba kuliko kidole chake cha mwisho. Alikinunua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kikiwa kipana kama kisu chochote cha jikoni, siku zile akiparua magamba ya sato wa watu. Miaka ya kunolewa kwenye jiwe ilikiondolea upana ikakiachia akili. Ukikiingiza nyuma ya kichwa cha sangara kinazifuata mbavu chenyewe, kama mbuzi anayejua njia ya kwao.

Kwa kisu hicho aliingia kiwanda cha minofu cha Mzee Mohanlal, kule Ilemela, enzi viwanda vya watu binafsi vilipokuwa vinazuka ufukweni kama magugu maji. Wasichana waliokuja baada yake aliwafundisha yeye, Mama Shimba kama walivyomwita wote. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemlipa. Mgeni alisimama kushoto kwake wiki nzima bila kisu, anatazama tu. Wiki ya pili anapewa mikia. Ya tatu ndiyo anakabidhiwa samaki mzima, naye Paskazia amemshika mkono.

"Usimvamie samaki," alikuwa akiwaambia. "Muulize mfupa uko wapi, halafu upite pembeni."

Wasichana kumi na wanne walipita kushoto kwake. Ndipo kampuni ikagundua mafunzo.

Ugunduzi huo ulikuja na Antoni, kijana wa tai nyekundu, aliyeajiriwa kuwa Ofisa Mafunzo kwa kuwa alishahudhuria semina tatu Dar es Salaam, zote za siku mbili mbili na chakula cha mchana. Wanunuzi wa Ulaya walitaka kuona kwamba wafanyakazi wamefundishwa. Antoni alishika neno moja tu hapo: kuona. Akapaka chumba rangi, akaagiza viti na ubao, akabandika ukutani picha kubwa ya samaki mwenye mistari ya kukatia. Samaki mwenyewe alikuwa wa bahari za baridi huko, bapa kama chapati.

Paskazia alimchungulia dirishani. "Huyu naye kapatwa na nini? Kakanyagwa na meli?"

Wasichana wakacheka. Kesho yake kicheko kikakatika, maana tangazo lilibandikwa: asiye na cheti hagusi kisu, ataosha sakafu. Na wa kuingia darasani ni aliyemaliza darasa la saba. Paskazia aliishia la nne, kwao Ukerewe.

Akamfuata Antoni ofisini. "Ofisa, hao unaotaka kuwapa vyeti niliwafundisha mimi."

"Una ushahidi wa maandishi, Mama Shimba?"

"Ushahidi uko mezani, unakata samaki."

"Huo ni uzoefu," Antoni akasema huku akifungua soda. "Dunia ya sasa haitaki uzoefu, inataka viwango."

Darasa likafanyika siku mbili. Wasichana wakaandika maana ya usafi, wakapigwa picha, wakapewa vyeti. Kisha Antoni akapita mezani na ndoo, akakusanya visu vyote vikuukuu, akagawa vipya: vinene, vigumu, vya mpini mweupe, vyote sawasawa kama askari wa gwaride. Paskazia alikifunga chake kwenye kitenge, akaenda kushika fagio.

"Kateni kama picha!" Antoni akaamuru, saa mkononi.

Teodora, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, alimgeukia Paskazia. "Mama, nikate vipi?"

"Kata kama ulivyofundishwa."

"Na nani?"

"Na mwenye vyeti vyake, mwanangu," Paskazia akasema, akaendelea kusukuma maji.

Sasa, minofu ikishaondolewa, hubaki mapanki: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Kiwanda huwauzia kina mama wakaangaji kwenye dirisha la nyuma, na kwa kawaida ni chakula cha kufyonza, si cha kutafuna. Wiki ile mapanki yalitoka na mapaja, mnofu tele umebaki mfupani. Jumatatu watu hawakuamini. Jumatano foleni ilifika barabarani.

"Huyu Ofisa katumwa na Mungu!" alipiga kelele Mama Winnie, mmoja wa wakaangaji, karai kichwani. "Mwongezeeni semina! Asihamishwe!"

Alhamisi Mzee Mohanlal akaikuta foleni hiyo, akasimamisha gari. Samaki hali, hajala tangu azaliwe pale Mwanza, lakini mnofu anaujua kwa uzito. Alichukua panki moja kwenye karai la Mama Winnie, akalipima mkononi, akalirudisha taratibu kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa. Kisha akaingia ndani akitweta.

"Mama Shimba! Kwa nini uko na fagio?"

"Shikamoo, Mzee. Sina cheti."

"Marahaba. Weka fagio, rudi mezani."

"Na darasa la saba nitalisoma lini?"

Antoni akadakia upesi. "Si tatizo, Bosi. Cheti chake namsainia sasa hivi."

Paskazia akaliegemeza fagio ukutani. "Wewe usaini kwamba mimi najua kukata? Umejuaje?"

Teodora alijifunika uso kwa aproni, mabega yakimcheza.

"Nitarudi," Paskazia akamwambia Mohanlal, "lakini wageni wajifunze hapa mezani, mwezi mzima, na mshahara wao. Kila mtu awe na kisu chake na jiwe lake. Kile chumba cha viti kiwekeni barafu."

"Niwalipe watu kwa kutazama?" Mohanlal akashika kichwa.

"Wiki hii umelipa zaidi, Mzee, kwenye dirisha la nyuma. Na cheti nitakuwa natoa mimi. Wa kwanza aje huyu wa tai."

Mohanlal alimtazama Antoni, akamtazama yule samaki wa karatasi ukutani. "Vua tai," akasema.

Antoni akasimama kushoto kwa Paskazia wiki nzima bila kisu. Ya pili akapewa mikia. Ya tatu akakabidhiwa samaki mzima, akamvamia, nusu ya mnofu ikabaki mfupani. Miezi minne baadaye Paskazia alikuwa bado hajamsainia.

Na kila asubuhi Mama Winnie alikuwa wa kwanza dirishani, akiinama kuchungulia ndani.

"Ya Ofisa yapo leo?"