Nilivyodanganya kuhusu miwani kwenye jukwaa la leza, na deni ambalo bado ninalo

Siku ya kuwasha leza, chumbani tulikuwa wanne: mimi; Solange, mdogo wangu anayenifuata; Divine, kitindamimba wetu; na Mzee Juma, seremala, jirani yetu hapa Kabeza, aliyekuja na kipande cha mbao kwapani.

Wakuu, salamu kutoka Kigali. Nimewataja wote mapema ili atakayebisha ajue mashahidi wapo. Sitaongeza chumvi. Chumvi ya kutosha niliitia siku ile ile.

Kwa wasionijua: wazazi wetu walifariki tukiwa bado Mwanza. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikarudi Rwanda na wadogo zangu wawili, nikajifunza kutengeneza redio na TV kwa kukaa karibu na mtu aliyekuwa anajua. Leo nina kibanda changu.

Solange anashona nguo. Mwezi ambao redio za watu haziharibiki, cherehani yake ndiyo inayotulisha. Shikeni hilo, maana uzi huu wote ni habari ya macho ya Solange.

Mzee Juma alipata kazi ya viti vya kwaya ya kanisa moja, na walitaka kila kiti kiandikwe jina la mwimbaji wake. Yeye ni Mwislamu wa Tanga. Hakuwa na tatizo na kwaya, tatizo lake lilikuwa mwandiko. Nikamwambia aniachie mimi, nitaunda leza ya kuchoma maandishi kwenye mbao.

Nilikuwa nimeona video.

Nikapata diode ya bluu, kile kipande kinachotoa mwanga wa leza, kwenye projekta iliyokufa, nikajiunga na jukwaa la watu wanaounda leza kwa mapenzi yao tu. Juu kabisa pale kuna uzi umebandikwa: MGENI, SOMA KWANZA. Sikuusoma. Ulikuwa mrefu, na mimi kwenye umeme sikujiona mgeni.

Nikaandika: "Wadau naombeni mchoro wa driver ya diode ya bluu, haraka, nina mteja." Driver ndiyo saketi inayoipa diode umeme wake.

Akajibu mwanamama mmoja wa Nairobi anayejiita Mama Diode: "Karibu. Miwani yako ya kinga iko wapi? Weka picha."

"Miwani ipo. Naomba mchoro."

"Picha. Yale maandishi ya pembeni yasomeke."

Wakuu, tangu nikiwa na miaka kumi na tano, mimi ndiye ninayewauliza watu nyumbani kama wamefunga mlango na kama wamekula. Mimi siulizwi. Nikamwandikia: "Mimi ni fundi, mwaka wa kumi na mbili huu."

"Hongera. Picha."

Nikafungua uzi mwingine kwenye kitengo kingine. Ukafungwa. Nikafungua wa tatu. Ukafungwa. Nikawatumia PM, ujumbe wa faragha, wanachama wanne nisiowajua, nikiwaita kaka. Wote wanne walijibu neno moja: miwani. Mmoja aliongeza kwamba yeye si kaka.

Basi nikaenda madukani Remera. Muuzaji akanipa miwani yenye vioo vya kijani. "Dada, hii iko ya leza kabisa, iko orijino." Pembeni ina namba za mwanga inaouzuia. Nikazilinganisha na namba ya diode yangu, hazikukaribiana hata kidogo. Nikamuuliza. Akasema hizo ni namba za kiwandani tu.

Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa.

Nyumbani nikaipiga picha kwa mbele, maandishi yasionekane. Chini ya picha nikaandika namba ile inayotakiwa. Huo ni uongo, na niliuandika kwa utulivu kabisa.

Mama Diode hakuwa mtandaoni. Kijana mmoja mpole wa Arusha akaniamini, akanitumia mchoro. Nilishamwomba radhi kule, namwomba na hapa.

Ikafika Jumamosi asubuhi, siku ya kuwasha.

Mzee Juma akaushika ukuta, akaugonga. "Fundi, mwanga wako huo hautatoboa huku?"

"Ukitoboa tutapata dirisha, mzee," akasema Divine. "Dada ametuahidi dirisha muda mrefu."

Miwani ilikuwa moja. Nikamvika Solange, maana yeye ndiye mwenye kazi ya sindano. Kisha nikamsogeza karibu na mbao aangalie herufi zinavyochorwa, kwa kuwa anaujua mstari ulionyooka. Sisi wengine tungetazama pembeni.

Huo ndio uliokuwa mpango wangu wa usalama.

Betri nimeshaunga, kidole kiko kwenye swichi, simu ikalia.

Mama Diode: "Nimeona picha yako sasa hivi. Vioo vya kijani ni vya leza nyekundu. Wewe una ya bluu. Usiwashe. Chumbani uko na nani?"

Nikajibu kwa mkono mmoja: "Namba nimeshaandika." Ndiyo, hata hapo nilibisha.

"Weka rangi ya bluu kwenye kioo cha simu, aliyevaa miwani aitazame."

Sikutaka. Divine akaninyang'anya simu, akaisoma kwa sauti, akatafuta picha ya bluu tupu, akamwekea Solange mbele ya uso.

"Unaona nini?"

"Bluu," akasema Solange. "Naiona vizuri sana. Dada, hii miwani nzuri."

Miwani sahihi ingeizuia bluu hiyo. Mzee Juma akaiegemeza mbao yake ukutani taratibu.

"Binti yangu," akasema, na siku zote huniita fundi, "toa kidole hapo."

Nikatoa. Nikachomoa betri, nikaiweka ndani ya sufuria na kuifunika. Mpaka leo sijui kwa nini sufuria.

Mwanga ule ukigonga skrubu moja inayong'aa na kurudi, jicho halipati nafasi ya kupepesa. Na mimi ndiye niliyemvika Solange, nikamwambia sogea.

Siku ile ile niliandika ukweli wote jukwaani, nikaweka na picha ya maandishi ya pembeni. Nikasubiri matusi. Hayakuja. Kule aliyedanganya kuhusu miwani hupewa siku thelathini za kusoma bila kuuliza.

Nikausoma ule uzi wa wageni. Ulikuwa na majibu ya maswali yangu yote, hata yale niliyouliza kwa hasira. Usiandike haraka, hakuna anayekimbizwa. Swali moja, uzi mmoja. Usitaje miaka ya ufundi, taja ulichopima. Ukikosea usifute, aje mwingine aone. Na usielekeze leza angani kamwe. Hilo lilinihusu, kwa sababu Kabeza ndege zinashuka juu ya mabati yetu na mimi nilikuwa nimepanga jaribio la pili nilifanyie uani.

Viti vya kwaya Mzee Juma aliviandika kwa patasi. Herufi zimepinda. Kwaya inaimba vilevile.

Siku ya thelathini na moja Mama Diode akaniuliza kifurushi kikija kitashukia wapi. Kikaja na basi la kutoka Nairobi kupitia Kampala: miwani ya vioo vya rangi ya chungwa, maandishi ya pembeni yanasomeka. Kwenye mkanda wake, kwa kalamu nene, majina saba. Watu saba waliobisha kabla yangu.

Nikauliza bei.

"Hailipwi na hairudishwi," akaandika. "Ongeza jina lako. Nunua yako. Siku akija mgeni asiyesoma, anayebisha, mjibu mpaka awashe salama, kisha mtumie hiyo. Hapo utakuwa umemaliza."

Leza yangu sasa inafanya kazi. Nyufa za mlango nimeziziba kwa kadibodi, na anayeingia anabisha hodi na kungoja, Divine akiwemo. Kila mara kabla ya kuwasha, namwekea Solange simu yenye bluu. "Unaona nini?" "Giza." Mama Diode ameniambia jaribio hilo linafichua miwani mbaya tu, halithibitishi nzuri, kwa hiyo namba nazisoma pia. Kwa sauti.

Nilichojifunza ni hiki: anayekuuliza miwani hajakudharau. Anakuuliza chumbani uko na nani.

Nimeshanunua yangu. Ile ya majina inaning'inia kwenye msumari, jina langu la nane. Tangu hapo wamekuja wageni watatu. Wote walikuwa wamesoma kanuni, wana miwani sahihi, picha zao zinasomeka. Adabu yao inanichelewesha.

Kwa hiyo karibuni kwa maoni, hata ya kunisema. Na kama kati yenu kuna mwenye diode mezani, ana haraka, na hajasoma chochote, aandike hapa chini. Nitamjibu neno moja.

Bado nadaiwa.