Amekwenda Kuchukua Vitenge

Dada yangu mkubwa alikuwa na saratani ya titi, na katika Butembo nzima tuliojua tulikuwa wawili: yeye na mimi. Mumewe alikuwa amefariki zamani, watoto wake wanasoma mbali. Kila baada ya wiki tatu alipanda gari mpaka Kasindi, akavuka mpaka, akaenda Kampala kutundikiwa dawa. Majirani waliambiwa amekwenda kuchukua vitenge.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, uongo nausikia kila asubuhi, lakini mzuri kama huo sijawahi kuusikia. Mfanyabiashara wa Butembo akienda Kampala, nani atamuuliza kitu? Tena alirudi na vitenge kweli, akaviuza sokoni huku amejifunga kilemba cha kupendeza, na chini ya kilemba hakuna nywele hata moja.

Kwetu mtu akikonda, watu hawaulizi anaumwa nini, wanauliza nani amempa sumu. Yeye hakutaka jirani yeyote atajwe kwa ajili yake. Na zaidi ya hapo aliogopa huruma.

"Bakijua, batanililia na mi niko bado nakula fufu," aliniambia.

Daktari wa Kampala alimpa karatasi yenye majina ya dawa anazotundikiwa, na chini yake dawa ambazo hazipaswi kuchanganywa nazo. Alimsihi amwonyeshe karatasi hiyo kila muuguzi atakayemhudumia. Dada aliiweka chini ya godoro. Nilipomkumbusha alicheka.

"Ukiionyesha mutu moja hapa Butembo, kesho banaisoma mpaka mbali kule Manguredjipa."

Nami nikacheka. Alikuwa mkubwa wangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na tangu utoto nilizoea kwamba analosema yeye limekwisha.

Baada ya safari ya nne alianza kukohoa, kisha homa ikapanda. Nilimpeleka kituo cha afya kilicho karibu na kanisa letu. Muuguzi alikuwa msichana mpole, mwimbaji wa kwaya. Alimpima, akamsikiliza kifua, akauliza:

"Maman, iko dawa ingine unakunywaka?"

Dada alinitazama. Mimi ndiye niliyejibu, tena haraka haraka, kabla hajafungua kinywa.

"Hapana. Ni baridi tu ya njia ya Kasindi ilimukamata."

Muuguzi akaandika Bactrim, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Hakukosea. Hiyo ni dawa ambayo kila nyumba ya Butembo inayo, hata wanangu nimewapa mara nyingi. Tulitoka pale tumeshikana mikono, tumefurahi kwamba tumefaulu. Wiki ile nilimtandikia kitanda mara mbili, nikainua godoro, nikaiona karatasi, nikalirudisha godoro. Vidonge alimeza vyote, maji nikimletea mimi mwenyewe.

Siku ya tano kinywa chake kilijaa vidonda, hata chai haikupita. Kisha fizi zikaanza kutoka damu, na miguuni pakatokea madoa mekundu madogo madogo. Tukasema ni ile dawa ya Kampala, itapita. Haikupita. Nikampeleka Beni, na naona haya kusema kwa nini Beni: si kwa sababu ya madaktari, ni kwa sababu huko hatujulikani.

Daktari wa Beni alikuwa mzee wa maneno machache. Aliuliza swali lilelile, na mimi, Mungu anisamehe, nikatoa jibu lilelile. Majibu ya damu yalipotoka aliniita nje, kwenye benchi la ukutani.

"Maman, hii damu hapana na askari tena. Grippe ya baridi haifikishe mutu hapa. Munanificha nini?"

Nikamwambia. Aliketi kando yangu kwenye benchi. Kisha akanieleza taratibu, kama mimi ninavyoeleza hesabu darasani. Dawa moja ya Kampala inauzuia mwili kutumia vitamini fulani ambayo damu huihitaji ili izaliwe. Bactrim nayo inagonga palepale. Zaidi ya hayo, inaizuia figo kuitoa ile ya kwanza, basi inabaki ndani, inaendelea kuharibu.

"Kila moja peke yake, ningemupa hata mama yangu," alisema. "Pamoja, hapana."

Walimwongezea damu, wakamchoma sindano za kupambana na ile dawa. Daktari aliniambia wazi kwamba sindano hizo zilitakiwa siku nyingi nyuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi, nimewapa watoto maksi juu yake.

Nilipoingia chumbani, dada alikuwa amesikia yote kupitia dirisha.

"Ulisema?"

"Nilisema, yaya." Ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

Akageukia ukuta. Nilimkasirikia. Ndiyo, mgonjwa wa vile, na mimi nilimkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimeogopa na hakukuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia. Alifariki Alhamisi kabla ya saa sita mchana, na baada ya neno lile hakunisemesha tena.

Kwenye kilio, Butembo, niliamua kutodanganya. Muuguzi wetu alikuja, nikamweleza yote mbele ya wanawake wa kanisa. Hakunilaumu. Alilia tu, akisema ilimpasa kuuliza mara ya pili. Wale wanawake walionyamaza walinyamaza, walionong'ona walinong'ona.

Mwanamke mmoja, muuza vitenge kama dada, wa meza ya jirani naye sokoni, alinivuta nyuma ya jiko. Akafungua kilemba. Kichwa kilikuwa kitupu.

"Mi pia naendaka kule," alisema. "Tulikuwa mu gari moja mpaka Kasindi, mara mbili. Kila mutu na uongo yake ya vitenge."

Nilimuuliza nani mwingine anajua.

"Hakuna mutu. Na weye usiseme." Kisha akakohoa, akaziba kinywa kwa kiganja.

Nilimshika mkono. Alinisihi, akanivuta nyuma, akaniita jina ambalo siwezi kuliandika, lakini sikumwachia mpaka tukasimama mbele ya muuguzi, katikati ya waombolezaji, na nikasema kwa sauti anachoumwa.

Mpaka leo hanisalimu. Anawaambia watu kwamba mimi sina siri wala aibu. Asubuhi anapokwenda sokoni anapita mbele ya nyumba yangu, uso ameugeuzia upande mwingine, na mimi hutoka mlangoni nimwone tu akipita.